Mchana unapikwa asubuhi: mwongozo kamili wa kazi ya kwanza mgahawani

Bakuli la kwanza la supu nililopeleka mezani nililishika kama ninavyoshika nyumbani: vidole vinne chini, dole gumba ndani. Mzee aliyeagiza akalitazama bakuli, akanitazama mimi, kisha akauliza kwa upole, "Kijana, na hicho kidole ni shilingi ngapi?" Meza nzima ikacheka. Nikarudi jikoni nimeloa jasho, na ilikuwa saa 2 asubuhi tu.

Mwongozo huu ni kwa anayeanza kazi kwenye mgahawa wa kawaida wa mjini, ule wa supu na chapati asubuhi, wali na ugali mchana, chipsi na mishikaki jioni. Mimi nilianzia Kariakoo, Dar es Salaam, kama mhudumu. Baadaye nikahamia jikoni, halafu nikawa msimamizi wa zamu. Nimepokea wageni wengi wa kazi, na karibu wote walikuja wakidhani shida itakuwa wateja wakali. Wateja wakali wapo, lakini si wao wanaomkimbiza mtu kazini wiki ya kwanza. Kinachomvunja mhudumu saa 7 mchana karibu kila mara ni kitu alichokisahau saa 4 asubuhi.

Hatua ya 1: Kabla hujavaa aproni

Nenda ukapime afya. Anayeshika chakula cha biashara anatakiwa kupimwa, na kipimo hurudiwa kila baada ya miezi 6. Choo na mkojo ndivyo vipimo vya kawaida. Kituo kinaweza kuongeza vingine. Ukipewa cheti, toa nakala ubaki nayo nyumbani. Afisa afya wa manispaa akipita, ataomba kuona vyeti vya wote, na usipokuwa nacho utaambiwa urudi nyumbani siku hiyo bila posho. Muulize mwajiri mapema gharama ni ya nani. Wengine hulipa wao, wengine hukata kwenye malipo ya kwanza bila kukwambia.

Ukiwa hapo hapo, uliza na mengine: naingia saa ngapi na kutoka saa ngapi, nalipwa kwa siku au kwa mwezi, chakula cha mchana ni cha mgahawa au changu, sahani ikivunjika inakuwaje. Watu huona aibu kuuliza haya kwa kuogopa kuonekana wajuaji. Uliza kwa adabu, lakini uliza. Swali lingine ambalo wengi hulisahau ni la usafiri. Mgahawa wa supu hufungua alfajiri, na mpika supu anakuwa jikoni tangu saa 10 usiku. Kama unakaa Mbagala au Gongo la Mboto na kazi iko Posta, katikati ya Dar, hesabu nauli na hesabu daladala ya kwanza inapita saa ngapi kituoni kwako, kabla hujasema "naweza".

Viatu ndivyo vifaa vyako vya kazi. Vya kufunika mguu mzima, soli isiyoteleza, na vikubwa kidogo kwa sababu miguu huvimba ikifika jioni. Kandambili jikoni ni kutafuta hospitali. Kata kucha, vua pete na bangili, funga nywele. Marashi makali yaache nyumbani. Mtu akila pilau anataka kunusa pilau.

Hatua ya 2: Siku tatu za kujifunza mahali

Siku ya kwanza usijaribu kuonyesha kasi. Jifunze mahali vitu vilipo: sahani za akiba, vijiko, tishu, vijiti vya meno, chumvi, mtungi wa gesi wa akiba, swichi ya feni, dekio. Chukua kalamu, uandike namba za meza kwenye karatasi kama ramani, kwa sababu kila mgahawa una hesabu yake. Pale kwetu meza namba 6 ilikuwa kati ya 2 na 3, na hakuna aliyejua kwa nini.

Halafu jifunze menyu. Si ile iliyochorwa ukutani. Ile ni historia. Menyu ya kweli iko jikoni na inabadilika kila siku. Kila asubuhi mwendee mpishi umwulize mambo matatu: leo kuna nini, kipi kimepikwa kidogo, na kipi kitachelewa. Ukijua kwamba samaki wako kumi tu, hutamwahidi mteja wa kumi na mbili. Jua pia kila chakula kinakuja na nini. Wali nyama unakuja na maharage na mboga, au mboga inalipiwa? Ugali samaki, samaki ni wa kukaanga au wa nazi? Mteja akiuliza nawe ukajibu "ngoja nikaulize" mara tano, mara ya sita ataita mhudumu mwingine.

Soda nayo ina somo lake. Usilete soda kabla ya kuuliza "ya baridi au ya moto?" Mgeni aliyetoka nje ya nchi atashangaa kusikia soda ya moto, lakini mteja wa Dar anajua ni ile iliyokaa nje ya friji, na kuna wazee hawanywi nyingine.

Hatua ya 3: Maandalizi, ndiyo kazi yenyewe

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo siku inapoamuliwa.

Watu wa supu wakipungua, kuanzia saa 4 hivi, mgahawa unatulia. Mhudumu mgeni hudhani huo ni muda wa kukaa na simu. Mhudumu mzoefu hudhani huo ndio muda pekee alionao. Wateja wa mchana huanza kuingia kama saa 6 na nusu, na saa 7 ikigonga pamechanganya. Kuanzia hapo mpaka saa 8 na nusu hutapata dakika ya kufuta kijiko.

Kwa hiyo kabla ya saa 6 pita meza kwa meza. Futa juu, halafu futa na ukingo wa chini, ambako mchuzi hujificha na kupaka nguo za watu. Jaza chumvi, weka tishu, hakikisha chupa ya pilipili haijaganda mdomoni. Hesabu sahani safi na uzilinganishe na viti. Zikiwa pungufu, mwambie muosha vyombo mapema. Kausha vijiko kwa kitambaa safi, usiviweke vikiwa na maji. Panga soda kwenye friji, za zamani mbele na mpya nyuma. Menya ndimu na zikatwe. Kachumbari ikatwe karibu na muda wa kuuza, isikae tangu alfajiri ikichuja maji.

Angalia pia maji ya kunawa. Kama mgahawa wako una sinki, hakikisha kuna sabuni. Kama mnanawisha mezani kwa jagi na beseni, jifunze kunawisha vizuri, kwa sababu mteja anakupima hapo kabla hajaonja kitu. Maji yawe ya uvuguvugu. Anza na mkubwa wa meza, mimina polepole juu ya beseni, sabuni kwanza, halafu maji ya kusuuzia, halafu mpe tishu. Beseni usilishike juu ya chakula cha jirani. Na maji ya mtu mmoja hayabaki kwenye beseni kwa meza ya pili.

Mwisho, kula. Kula kabla ya saa 6, hata kama huna njaa. Niliwahi kumshika mkono dada mmoja aliyekuwa anaanguka na sinia la wali mbele ya kaunta saa 8 mchana. Alikuwa hajaweka kitu tumboni tangu jana yake usiku kwa sababu aliona aibu kuomba.

Hatua ya 4: Kuchukua oda

Salamu kwanza. Mtu mzima anapewa shikamoo yake, kijana anapewa mambo au habari, na wote wanapewa karibu. Ukikuta umeelemewa, mpe mteja macho tu na useme "nakuja bosi, dakika moja." Mteja anavumilia kusubiri, asichovumilia ni kuonekana kama kiti kitupu.

Andika. Usitegemee kichwa, hata kama mhudumu wa miaka kumi anategemea chake. Andika namba ya meza juu, kisha chakula kwa kifupi, kisha nani anakula nini kwa mpangilio wa viti, ukianzia kiti kilicho karibu na mlango. Hivyo ukirudi na sahani nne hutasimama katikati ukiuliza "wali kuku wa nani?"

Vifupisho vyako viwe vile vile vya mpishi. Mimi niliandika "W/N" nikimaanisha wali njegere. Mpishi akasoma wali nyama, kama walivyokuwa wakiandika wenzangu wote. Aliyeagiza alikuwa mama asiyekula nyama kabisa. Sahani ikarudi, ikahesabiwa kwangu, na nikajifunza kwamba herufi N ina nyama, ndizi na njegere ndani yake.

Ukimaliza kuandika, msomee mteja oda yake. Sekunde tano. "Ugali samaki moja, wali maharage mbili, moja bila pilipili, maji makubwa ya baridi." Na uliza mapema kama ni ya kula hapa au ya kufunga. Chipsi zilizokwisha kuwekwa kwenye sahani zikifungwa tena zinakuwa baridi na mteja anajua.

Hatua ya 5: Saa 7 mchana

Sheria ni moja: usitembee mikono mitupu. Ukipeleka chakula meza ya mwisho, rudi na sahani chafu za meza ya kati. Ukienda jikoni kuuliza oda, beba glasi. Mhudumu anayekwenda na kitu na kurudi na kitu anafanya nusu ya safari za mwenzake, na jioni utawajua wawili hao kwa kuwatazama wanavyoshuka ngazi.

Ukihisi kichwa kimejaa, simama mahali pamoja kwa pumzi mbili na upange: kwanza chakula kilichoiva kipelekwe, maana kinapoa, pili aliyemaliza apewe bili, maana kiti chake kinasubiriwa, tatu aliyeingia asikilizwe, nne usafishe. Mgeni wa kazi hufanya kinyume, anamkimbilia anayepiga kelele zaidi.

Sahani ishike kwa chini na ukingo, bakuli kwa kisahani chake. Dole gumba nje, tafadhali. Ukipita nyuma ya mtu na kitu cha moto, sema kwa sauti "Pisha, moto!" Usione haya. Jikoni hakuna anayeona nyuma. Mafuta au maji yakimwagika sakafuni, yanafutwa sasa hivi na aliyeyaona, hata kama si yeye aliyemwaga.

Ukikosea oda, nenda mwenyewe kwa mteja kabla hajakuita. "Samahani mzee, nimekosea, chakula chako kinatoka dakika tano." Halafu kimbia jikoni na uwaambie ukweli. Mpishi atakufokea. Mwache afoke, joto la pale ni kali na yeye hana feni. Nusu saa baadaye atakuita ukale ukoko.

Hatua ya 6: Usafi unaozuia kuharisha

Wahudumu wengi huosha mikono ionekane, si iwe safi. Sabuni, sekunde 20, katikati ya vidole na chini ya kucha, maji yanayotiririka. Kama hakuna bomba, ndoo yenye koki inatosha. Nawa ukitoka chooni, ukishika nyama mbichi, ukishika pesa, ukipenga kamasi, ukimaliza kukusanya vyombo vichafu. Noti ya elfu mbili imepita mikono ya soko zima. Usiishike kisha ukashika chapati.

Vijidudu hukua haraka chakula kikiwa kati ya nyuzijoto 5 na 60, yaani si baridi ya friji wala si moto wa kuunguza. Chakula kilichopikwa kisikae katika hali hiyo zaidi ya saa mbili. Wali una hatari yake, kwa sababu kuna bakteria anayeacha mbegu zisizokufa kwa kupikwa, na wali ukikaa vuguvugu zinaamka na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Wali uliobaki utandazwe kwenye sinia pana upoe haraka, uingie kwenye friji, na kesho upashwe mara moja tu mpaka utoke mvuke wote. Kuku mbichi hukaa chini kwenye friji, chini kabisa, asidondoshee kachumbari maji yake. Ubao wake na kisu chake ni vyake.

Stilwaya ya kusugulia sufuria ni adui ambaye hatajwi. Uzi mmoja ukinasa kwenye sufuria unaishia kwenye supu ya mtu. Suuza sufuria mara mbili na upitishe macho.

Ukiharisha au kutapika, usiende kazini, na ubaki nyumbani saa 48 baada ya hali kuisha. Najua siku bila kazi ni siku bila posho. Lakini tuliokuwa Dar Agosti 2015 kipindupindu kilipozuka tunakumbuka jinsi wauza chakula walivyokuwa wa kwanza kutazamwa.

Hatua ya 7: Pesa

Ukipokea noti, itaje kwa sauti: "Nimepokea elfu kumi." Usiichanganye na nyingine mpaka chenji itoke. Ugomvi wa "nilikupa kumi", "hapana, tano" unakufa hapo hapo.

Mteja akilipa kwa lipa namba, usitosheke na meseji kwenye simu yake. Meseji zinatungwa. Thibitisha kwenye simu ya mgahawa au kwa mtu wa kaunta, jina na kiasi, kabla hajainuka. Sema tu, "Ngoja nithibitishe bosi, mtandao leo unasumbua." Hakuna anayekasirika kwa hilo isipokuwa mwenye sababu.

Bakshishi uliza inagawanywaje siku ya kwanza. Kuna sehemu kila mtu na yake, na kuna sehemu hutumbukizwa kwenye kopo na kugawanywa jioni pamoja na jikoni. Ukificha yako mahali penye kopo, utajulikana siku hiyo hiyo.

Hatua ya 8: Watu

Muosha vyombo ndiye rafiki wa kwanza wa kutafuta. Kwangua mabaki kabla ya kumpelekea sahani, panga kubwa chini, na vijiko viweke kwenye beseni lake. Siku utakapohitaji sahani tatu sasa hivi, atakupa wewe.

Mteja anayefoka, mwache amalize. Usijibu katikati. Akinyamaza, rudia alichosema kwa maneno machache na umwambie utakachofanya. Kama anataka mkubwa, mwite mkubwa. Huo si ushindani.

Kuna wateja wa namna nyingine, wale wanaomshika dada mkono wakati wa kuweka soda. Hilo si sehemu ya huduma. Hudumia ukiwa upande wa pili wa meza, sinia likiwa kati yenu, mwambie msimamizi mara ya kwanza na si ya tatu, na uombe kubadilishana meza na mwenzako. Nikiwa msimamizi nilikuwa natuma kaka mwenye kifua kipana kupeleka bili. Maneno yaliisha.

Hatua ya 9: Mwili

Wiki mbili za kwanza utaumwa nyayo, mgongo na mabega. Ukifika nyumbani loweka miguu, kisha lala uiegemeze ukutani juu kwa dakika kumi na tano. Kunywa maji kila unapopita karibu na jagi, usisubiri kiu. Ndoo na sufuria zito linyanyue kwa kukunja magoti, si kiuno, na mkiwa wawili ni bora.

Ukiungua, weka sehemu hiyo chini ya maji ya bomba ya kawaida kwa dakika 20. Si dawa ya meno, si asali, si ute wa yai. Hivyo vinafungia joto na kumpa daktari kazi ya kuvisugua. Mafuta yakishika moto kwenye karai, zima gesi na ufunike kwa mfuniko. Maji usimwage, yatatawanya moto jikoni nzima. Ukijikata, funga bandeji na uvae glovu juu yake, au uhamishiwe kazi isiyogusa chakula.

Hatua ya 10: Haki zako, kwa kifupi

Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku, ndani ya siku 6. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Ukifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo una mapumziko ya saa 1. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5. Mwajiri anatakiwa kukupa maelezo ya kazi yako kwa maandishi.

Kuhusu sahani zilizovunjika: hakatwi mtu mshahara kiholela. Mwajiri anatakiwa aeleze kwa maandishi hasara ni kiasi gani na imetokeaje, akupe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya malipo yako. Migahawa mingi midogo haifuati haya, na sitakudanganya kwamba utaingia siku ya pili na kitabu cha sheria mkononi. Lakini weka daftari lako mwenyewe: siku uliyoingia, saa ulizofanya, ulicholipwa, ulichokatwa na sababu. Ukifukuzwa na ukaona umeonewa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hupokea malalamiko ya kuachishwa kazi ndani ya siku 30. Madai mengine, kama ya malipo, ndani ya siku 60. Ila ukiwa hujatimiza miezi 6 kwa mwajiri huyo, kinga ya kuachishwa isivyo haki bado haijakufikia, hivyo kipindi hicho daftari litakusaidia zaidi kwenye madai ya malipo. Wafanyakazi wa hoteli wana chama pia, CHODAWU.

Ukifika mwezi wa pili na bado upo, omba jambo moja: asubuhi mbili kwa wiki ukae jikoni na mpika chapati kabla ya zamu yako. Usiombe kulipwa kwa hizo. Mhudumu anayejua chapati inachukua muda gani hatamwahidi mteja uongo, na mpika chapati akiugua, bosi hatamtafuta mtu wa nje. Ukiona kazi imekukaa, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana mafunzo ya upishi na huduma za hoteli, ikiwemo chuo chao cha Njiro, Arusha. Nenda na lile daftari.